Chama cha Watungaji, na Safari ya Hadithi Hata Kitabuni

Ukitwaa kitabu chochote cha hadithi katika maktaba yetu, utaona juu ya jalada lake jina la mtu mmoja tu. Jambo hili hutupoteza sisi vijana tunaopenda kutunga. Twadhani kwamba mtungaji alijifungia chumbani peke yake, akaandika mwanzo hata mwisho, akautia mswada wake katika bahasha, akaupeleka kwa wachapishaji, na baada ya siku chache kitabu kikatoka. Kwa kudhani hivyo, wengi wetu huficha madaftari yao chini ya godoro, wakingoja hadithi iwe nzuri kabisa ndipo waitoe. Siku hiyo haifiki, maana mtu hawezi kuyaona makosa ya hadithi yake, kama asivyoweza kukiona kisogo chake. Yeye amejua tangu mwanzo kwa nini shujaa wake alikimbia usiku. Amesahau kwamba hakumwambia msomaji.

Nataka kueleza hapa jambo ambalo limetufaa katika shule yetu kwa muda wa miaka miwili sasa, nalo ni kusomeana hadithi zetu kabla hazijatoka nje. Tena nitaeleza niliyoyapata katika kusoma habari za watungaji wengine wa Afrika Mashariki, na mambo yapasayo kujulikana na kila kijana anayeingia wakati wa likizo katika vikundi vya watungaji vilivyomo ndani ya simu. Naandika pia kwa ajili ya wazazi, kwa kuwa najua kwamba mzazi akisikia mtoto wa Kidato cha Nne anatunga hadithi, swali lake la kwanza ni juu ya mtihani wa Novemba. Swali hilo nitalifikia.

Sisi wa bweni haturuhusiwi kuwa na simu. Chombo chetu basi ni daftari, lile kubwa lenye jalada gumu liitwalo kaunta buku. Mtungaji huandika hadithi yake katika ukurasa wa kushoto tu. Ukurasa wa kulia huachwa mtupu, nao ni mali ya wasomaji, ambao huandika kwa penseli. Daftari hukaa katika kabati la mwalimu wetu wa Kiswahili. Hutolewa Jumamosi mchana baada ya kufua nguo, likapita mkono kwa mkono, na hurudishwa Jumapili kabla ya prepo. Wanachama tuko 14, toka Kidato cha Kwanza hata cha Nne.

Sheria zetu si nyingi, lakini hapana mchezo ndani yake. Msomaji hatakiwi kuandika "nzuri" wala "mbaya", maana maneno hayo hayamsaidii mtu. Huandika yale yaliyompata yeye alipokuwa akisoma: hapa nilirudi nyuma kusoma tena, hapa nilicheka, hapa sikuamini, hapa niliruka mistari. Mtungaji naye haruhusiwi kujibu wala kujitetea. Mwanzoni sheria hii iliwauma wengi, lakini ina sababu yake. Kitabu kikiuzwa Bukoba au Songea, mtungaji hatakuwapo nyuma ya kila msomaji kumweleza alichokusudia. Kisha iko sheria ya kwamba mtu asome na kuandikia hadithi tatu za wenzake kabla hajaweka ya kwake. Kwa sheria hii walikuja watu ambao walitaka kusomwa tu, wakaondoka wenyewe bila ya kufukuzwa.

Nitatoa mfano mmoja ili nieleweke. Mwenzetu wa Kidato cha Tatu alitunga hadithi ya mpagazi wa mlimani. Katika sehemu moja alimweka mpagazi huyo akifua soksi zake kijitoni katika kambi ya Barafu, usiku ule kabla wageni hawajapanda kileleni. Maneno yalipendeza, na wasomaji wanne walipita hapo bila kuona neno. Wa tano alikuwa kijana wa Kidato cha Kwanza, ambaye baba yake mdogo hubeba mizigo kwa njia ya Machame. Huyu aliandika kwa penseli maneno sita tu: "Barafu hakuna maji. Hubebwa toka Karanga."

Na ndivyo ilivyo. Kambi ya Barafu iko zaidi ya meta 4,600 juu ya bahari, mahali pa mawe makavu yenye upepo, na maji yote ya kunywa na ya kupikia hupandishwa na wapagazi kutoka bonde la Karanga. Mtungaji wetu alinuna siku mbili. Kisha akaiandika hadithi upya. Sasa mpagazi wake hafui soksi. Amebeba dumu la maji ya kupikia wageni, naye mwenyewe ana kiu, na hadithi nzima ni ile njia ya kutoka Karanga hata Barafu pamoja na dumu lile asiloweza kulifungua. Hadithi ya kwanza ingeweza kuandikwa na mtu yeyote aliyeona picha ya Kilimanjaro katika kalenda. Ya pili haiwezi. Wala hakuna mchapishaji wa Dar es Salaam ambaye angempa zawadi hiyo. Yeye angerudisha mswada tu, na huenda asingesema kwa nini.

Faida nyingine tumeipata kwa sababu shule yetu ni ya serikali, na wenzetu wametoka mikoa mingi. Hadithi yangu mimi ni ya mfongo. Mtu wa Kibosho, Marangu au Old Moshi hana haja ya kuelezwa mfongo ni nini. Wazee walichimba mifereji hiyo kwa majembe, wakachukua maji ya mto huko juu na kuyateremsha polepole hata vihambani penye migomba na kahawa, na kila nyumba ina zamu yake ya maji. Lakini mmoja wa wasomaji wangu anatoka Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji yamekuwa shida tangu zamani. Aliniandikia hivi: "Kama maji yanapita mlangoni bure, kwa nini wanagombana?"

Swali hilo limenipa kurasa nane mpya. Wakati wa likizo ya Juni nilikwenda kwa babu kuuliza jinsi zamu zinavyogawanywa, nani hufungua maji alfajiri, na mtu akiiba zamu ya mwenzake huwaje. Babu alicheka, akasema kwamba zamani mwizi wa maji alitozwa mbege, na kwamba wako watu waliokuwa tayari kutozwa kila mwezi. Jambo hilo nimelitia katika hadithi. Mchagga mwenzangu asingeniuliza swali la namna hiyo hata mara moja, maana kwake maji ya mfongo na ugomvi wake ni vitu alivyovikuta.

Desturi hii hatukuibuni sisi, wala haikuletwa na simu. Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianza kutoa gazeti la Kiswahili la kila mwezi lililoitwa Mambo Leo. Lilikuwa gazeti la serikali, lenye habari ambazo serikali ilitaka watu wazisome, lakini mashairi yake yaliletwa na wasomaji wenyewe. Mtu alituma shairi, mwingine wa mji wa mbali akalijibu kwa shairi, na wengi wao hawakupata kuonana kwa macho maisha yao yote. Anayelalamika leo kwamba jibu la simu limechelewa saa mbili afikirie watu hao waliongoja toleo la mwezi ujao. Humo ndimo walimosoma wengi mashairi ya Shaaban Robert kabla hajawa na kitabu. Yeye alikuwa karani wa serikali, akihamishwa kituo hata kituo, na kwa miaka mingi alimwandikia barua mdogo wake Yusuf Ulenge, ambaye naye alikuwa mwandishi. Barua hizo, za tangu mwaka 1931 hata 1958, zimekusanywa na kupigwa chapa, nazo zatuonyesha kwamba hata mtungaji mkubwa kuliko wote wa Kiswahili alikuwa na mtu wa kumwandikia.

Mwaka 1959 washairi walianzisha chama hasa, UKUTA, kwa ajili ya usanifu wa Kiswahili na ushairi, na Mathias Mnyampala alikuwa mmoja wa viongozi wake. Kwa upande wa hadithi, mlango mkubwa wa siku zile ulikuwa East African Literature Bureau, ofisi ya vitabu iliyoanzishwa mwaka 1948, ambayo ilifanya mashindano ya kutunga hadithi za Kiswahili. Katika mashindano ya mwaka 1957 na 1958, wa kwanza alikuwa Muhammed Said Abdulla wa Unguja kwa hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale, na kitabu kikatoka mwaka 1960. Ndipo Bwana Msa na kiko chake walipoingia katika nyumba za watu. Wako wasemao kwamba Abdulla alibahatika. Mimi naona kwamba alikuwa mtu wa magazeti kwa miaka mingi kabla ya hapo, na mtu wa magazeti husomwa na kukosolewa bila huruma kila toleo. Shule yake ilikuwa hiyo.

Majirani zetu nao wana la kutufundisha. Kampala, waandishi wanawake waliona kwamba kazi zao hazifiki kwa wachapishaji, wakaanzisha chama chao, FEMRITE, katika miaka ya 1990, Mary Karooro Okurut akiwa mwanzilishi. Walikutana Jumatatu jioni kusomeana na kukosoana. Lakini hawakuishia hapo. Mwaka 1998 walikuwa wamekwisha kuanza kuchapisha vitabu vyao wenyewe. Mmoja wa wanachama wake, Monica Arac de Nyeko, alipata Tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Kiafrika mwaka 2007. Nairobi, Binyavanga Wainaina alipata tuzo hiyo hiyo mwaka 2002 kwa kazi iliyotolewa kwanza katika jarida la intaneti, wakati ambapo watu wengi waliona kwamba kitu kisicho cha karatasi hakihesabiki. Mwaka 2003 yeye na wenzake walitoa jarida lao, Kwani?, na hadithi ya Yvonne Adhiambo Owuor iliyotoka humo ikashinda tuzo ya mwaka huo. Tangu mwaka 2013 liko pia kundi la Jalada, la waandishi wa nchi mbalimbali za Afrika wanaofanya kazi yao kwa intaneti. Mwaka 2016 walitoa hadithi fupi ya Ngũgĩ wa Thiong'o aliyoiandika kwa Kikikuyu, pamoja na tafsiri zake katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo.

Ukitazama habari hizi utaona jambo moja limejirudia. Watu hawakukutana ili wasifiwe. Walikutana kwa sababu mlango wa mchapishaji ulikuwa mwembamba, na palipokuwa hapana mlango walitoboa ukuta. Hata hapa Tanzania Ben Mtobwa, ambaye riwaya zake za upelelezi baba zetu walizisoma mpaka jalada likachanika, alikuwa na kampuni yake mwenyewe ya kuchapisha vitabu, Heko. Na Elieshi Lema, mzaliwa wa Nronga huko Machame, ni mtungaji, tena ni mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya uchapishaji ya E & D. Nataja hilo kwa sababu wako wenzetu wadhanio kwamba mtungaji ni lazima atoke pwani.

Sasa niseme juu ya simu. Likizo ikifika, kila mmoja wetu huingia katika vikundi vya watungaji vya WhatsApp na vinginevyo. Viko vizuri. Viko ambavyo mtu hutoa sehemu kumi za hadithi bure, kisha msomaji anayetaka kujua mwisho hulipa shilingi elfu moja au mbili kwa simu. Wako waliopata ada ya shule kwa njia hiyo, nami siwadharau. Lakini wasomaji wa kundi kubwa wanataka sehemu ya leo usiku, na mtungaji huandika sehemu ya leo usiku. Hakuna atakayemwambia kwamba Barafu hakuna maji. Watamwambia "kali sana", wataweka picha ya moto, kisha wataulizia sehemu inayofuata. Mtu akizoea chakula hicho, hata msomaji mwenye penseli humwona kuwa adui.

Tena liko jambo ambalo vijana wengi hawalijui, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote katika makala hii: kila mlango wa uchapishaji una sharti lake, na hadithi iliyokwisha kutolewa mahali pamoja huenda imefungiwa mahali pengine. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo husimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na ambayo ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, yataka mswada wa Kiswahili ambao haujachapishwa. Mwaka huo mshindi wa kwanza alipewa shilingi milioni 10, na ahadi kwamba mswada wake utapigwa chapa na kupelekwa mashuleni. Shindano la Hadithi Fupi la Jumuiya ya Madola hupokea hadithi zilizoandikwa kwa Kiswahili, bila ada yoyote, zenye maneno 2,000 hata 5,000. Lakini hadithi isiwe imetolewa popote, hata katika intaneti, na mtungaji awe ametimiza miaka 18. Tuzo ya Caine ni kinyume chake, maana haipokei ila hadithi ambayo imekwisha kuchapishwa, nayo iwe kwa Kiingereza au imetafsiriwa kwa Kiingereza. Tuzo ya Safal ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, imekuwa ikipokea miswada na pia vitabu vilivyochapishwa karibuni. (Fedha zake nyingi zatoka kwa watengenezaji wa mabati. Sikupata kufikiri kwamba bati la nyumba laweza kulipia riwaya.) Wa kwanza katika riwaya mwaka 2015 alikuwa Anna Samwel Manyanza, na mwaka 2017 Dotto Rangimoto alishinda katika ushairi kwa diwani yake Mwanangu Rudi Nyumbani, ambayo baadaye ilichapishwa na Mkuki na Nyota.

Masharti hayo hubadilika, kwa hiyo yafaa mtu asome ya mwaka wake mwenyewe. Lakini aone shauri lenyewe. Kijana aliyetunga hadithi ya maneno 4,000, akaitoa Desemba katika kundi la watu mia tano kwa kutaka kusifiwa usiku mmoja, amekwisha kujifungia mashindano ambayo huenda angeyaingia. Kusomewa na watu wachache unaowajua kwa majina yao, ambao nao wamekukabidhi hadithi zao, ni jambo jingine kabisa. Hiyo bado ni kazi ya ndani, kama fundi seremala anayemwita jirani atazame kama meza imesimama sawa.

Wengine huogopa kuibiwa. Hofu hiyo si bure, kwa maana hadithi hunakiliwa katika simu, majina ya watu yakabadilishwa, na jina la mtungaji likafutwa. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtungaji tangu anapoiandika kazi yake, hata kama hajaisajili. Lakini sheria ni kitu kimoja, na kumtafuta mwizi katika simu elfu ni kitu kingine. Daftari letu lina tarehe katika kila ukurasa na saini ya mwalimu mwisho wa kila hadithi. Ni ushahidi mdogo, lakini upo.

Hatari mbaya zaidi ni ya wale wanaojiita wachapishaji, wanaomwandikia kijana kwamba hadithi yake imechaguliwa, ila atume kwanza ada ya usajili. Ndugu wasomaji, tofautisheni mchapishaji na mpiga chapa. Mpiga chapa ni fundi mwenye mitambo. Umpe mswada na fedha, atakupa vitabu, vizuri au vibovu, nawe utavibeba nyumbani na kuviuza mwenyewe. Hakuna aibu katika kazi hiyo, na mjini Moshi wako mafundi wa namna hiyo. Mchapishaji huchagua, huhariri, hutoa fedha zake mwenyewe, hutafuta wanunuzi, na humlipa mtungaji mrabaha kwa kila nakala inayouzwa. Yule anayejiita mchapishaji lakini anakutaka wewe utoe fedha kwanza, basi ni mpiga chapa aliyejipa cheo, au ni tapeli. Na wasichana wenzetu wanajua kwamba wako pia watu wanaosifu hadithi ya msichana ili wapate namba yake. Katika shauri hilo tumekubaliana kwamba ndani ya vikundi vya simu mwanachama wetu hajibu ujumbe wa faragha wa mtu asiyemjua, hata ukiwa wa kumsifu Kiswahili chake.

Nimefika kwa wazazi. Sitadai kwamba kutunga hadithi huongeza maksi, maana sina hesabu ya kuonyesha. Naweza kusema tu jinsi tunavyofanya. Wanachama wa Kidato cha Nne hawaanzi hadithi mpya tangu mwezi wa Septemba. Wanaruhusiwa kusoma za wadogo zao na kuziandikia, saa moja kwa juma. Mwanachama yeyote akianguka katika majaribio ya muhula, mwalimu humnyima daftari mpaka ainuke, na sheria hiyo imetumika mara mbili. Kisha wazazi wasihofu kwamba mtoto ataacha kazi ya maana akimbilie riwaya. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali muda mwingi wa maisha yake. Abdulla alikuwa mtu wa magazeti. Abdulrazak Gurnah wa Unguja, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, alikuwa mwalimu wa chuo kikuu huko Uingereza, na riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, umri wake ukikaribia miaka 40. Kwa watungaji wengi wa kwetu kalamu imekuwa kazi ya pili, ya asubuhi na mapema au ya usiku, na mtu asiyejua kugawa saa zake hafiki mwisho wa hadithi hata moja. Jambo ambalo wazazi waweza kutusaidia ni kujibu maswali yetu. Hakuna kitabu katika maktaba yetu kitakachonieleza nani alifungua maji ya mfongo wa babu mwaka wa njaa. Yuko mtu mmoja tu ajuaye, naye ana umri wa miaka 84.

Daftari la tatu limejaa, na la nne limebaki na kurasa ishirini na mbili. Anayetaka kujiunga na amwone mwalimu wa Kiswahili Jumamosi saa nane mchana, akiwa na penseli, wala si kalamu ya wino. Atapewa hadithi tatu za kusoma kabla hajaulizwa kama anatunga. Ya mpagazi iko katika daftari la pili, nayo mtungaji wake amekwisha kuinakili upya kwa mashine ili aitume. Ya mfongo iko katika daftari la tatu tangu ukurasa wa 61. Sijaitoa katika simu, na sitaituma katika shindano lile la Jumuiya ya Madola mpaka mwakani, maana nitatimiza miaka 18 mwezi wa Machi na mlango wao hufungwa Novemba mosi. Iko sehemu moja, pale mzee anapoyafunga maji na kuketi juu ya jiwe, ambapo wasomaji wawili wameandika "sikuamini" na mmoja ameandika "niliamini". Namtafuta wa nne.